Darasa la Kirusi la uwani, Malindi ya Unguja: linafaa au halifai?

Wenzangu mnauliza kila siku ule mwaka niliokaa nyumbani kabla ya chuo niliufanyia nini, haya someni. Sie ndo wa 2020, skuli zikafungwa Machi kwa korona, form six tukarudi Juni mosi, mtihani tukauanza Juni 29, halafu mzee kazi ya hoteli ishasimama watalii hakuna, ada itoke wapi? Nkasema mie chuo mwakani. Mama alinuna wiki nzima.

Mwisho wa mwaka ndege za Warusi zikaanza kushuka, kwengine kumefungwa kwetu kuwazi, ukipita Nungwi na Kiwengwa Kirusi tu, na wale vijana wa pwani na Kitaliano chao wamebaki kukodoa macho. Ndo nkajiunga na hili darasa, mwalimu mwenyewe alikuwa anatembeza wageni Mji Mkongwe, korona ikamkalisha.

Kwa kusemesha watu huyu bwana hana mpinzani wallahi. Hakuanza na herufi, kaanza na bei! Siku ya kwanza tu mmoja muuza viungo mmoja mgeni, mnavutana bei kwa Kirusi hicho hicho cha kubabaisha, ukizubaa anakwambia "keshaondoka huyo, kaenda kwa jirani yako". Herufi baadae, na hapo ndo pana kazi maana P yao ni R, H ni N, C ni S, kaandika ubaoni PECTOPAH tukaitolea macho weee, kumbe restorani.

Sarufi sasa, hapo kapwaya. Majina yao, yaani nomino, yanageuka mwisho kwa hali sita kufuata kazi ya neno kwenye sentensi, yeye kazipitia juu juu kama anafukuzwa, ukiuliza anasema utazoea pwani. Cheti hakuna. Akipata wageni anavunja darasa na meseji mshafika mlangoni, na enzi hizo za korona ndoo ya maji na sabuni ilikuwepo ila ndani viti vimebanana, hiyo mita moja ya kukaa mbalimbali tuliisikia redioni tu.

Elfu 30 kwa mwezi, bei ya wakati ule, mie naona ilikuwa halali yake, nlipata kazi ya kuuza safari za kisiwa cha Mnemba kwa kamisheni na ada ya kuanzia chuo 2021 ilitoka humo. Ukitaka karatasi ya kuonesha watu tafuta pengine. Ukienda kaa mbele, nyuma kuna jenereta la jirani husikii kitu.