TAHADHARI: "Mawe hai" ya kupaka rangi, Arusha na Moshi

Wadau wa matangi ya samaki ya maji chumvi, kuna tangazo la mawe hai (vipande vya mwamba wa matumbawe vyenye bakteria na viumbe wadogo wanaosafisha maji) linazunguka: "mawe hai kutoka Tanga, seti kamili, unaweka samaki siku hiyohiyo." Muuzaji anataka nusu ya pesa kwa simu, mzigo unaufuata stendi, na salio unamalizia kabla ya kufungua kiroba. Usimalizie kabla hujafungua.

Kinachokutwa ndani mara nyingi ni jiwe la volkano, lilelile la kujengea uzio, limepulizwa rangi ya zambarau. Mara nyingine ni jiwe la matumbawe kweli, ila limekauka njiani na kila kilichokuwa hai ndani yake kimekufa.

Nenda stendi na siki, pamba na asetoni. Kwangua upande wa chini mpaka uone jiwe lenyewe, kisha dondoshea siki. Matumbawe ni chokaa, yatatoa povu; jiwe la volkano litanyamaza. Saruji nayo hutoa povu, kwa hiyo kipande chenye shaka kiloweke siku nzima kwenye maji ya kawaida na upime pH: ikipita 9, umeuziwa saruji mbichi. Halafu sugua zambarau kwa asetoni. Mwani halisi wa rangi hiyo ni ganda gumu, haufutiki kwa pamba. Nusa pia. Jiwe zima hunukia bahari, lililooza hunuka yai viza. Na jiwe hai halisafirishwi kwenye kiroba kikavu ndani ya buti la basi. Hufungwa kwa magazeti yaliyolowa maji ya bahari, ndani ya boksi lisilopitisha joto.

Uongo mkubwa zaidi ni huo wa "siku hiyohiyo". Hata jiwe zuri hupoteza sponji na minyoo njiani, na vikioza hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kutulia. Maji chumvi yana pH ya karibu 8.2, ambapo sehemu kubwa zaidi ya amonia iko katika hali yenye sumu kuliko kwenye tangi la maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana "samaki wawili wa bure" anaokuongezea muuzaji hufa haraka. Kisha anakuambia umewalisha kupita kiasi, anakuuzia wengine. Hapo ndipo biashara yake ilipo hasa.

Kupima uhai wenyewe: ndoo ya lita 20, maji ya chumvi gramu 35 kwa lita (refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isome 1.025 hadi 1.026), pampu ya kuzungusha maji, na hita ya nyuzi 25 hadi 26. Hita usiiache, usiku wa Juni na Julai Arusha hauna huruma. Tumbukiza jiwe, kisha weka amonia ifike miligramu 2 kwa lita. Jiwe lililo tayari huimaliza ndani ya saa 24, na nitriti inabaki sifuri. Amonia isiposhuka, bakteria hawapo. Ikipanda, kuna kinachooza.

Kiasi cha mawe nacho anakizidisha. Lita 100 zinatosheka na kilo 12 hadi 20, na pungufu kama jiwe lina matundu mengi.

"Chumvi ya akwariamu" yake isiyo na lebo ni chumvi ya mawe iliyofungwa upya. Pima kalsiamu baada ya kuikoroga: inatakiwa karibu miligramu 420 kwa lita, na magnesiamu karibu 1,300. Maji ya kukorogea yawe yaliyochujwa kwa RO (chujio la utando linaloondoa madini). Ya bomba na visima vya Arusha yanajulikana kwa floraidi nyingi.

Akisema mzigo umetoka Mombasa kupitia Holili, omba kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini). Matumbawe magumu, pamoja na mawe hai, yamo kwenye Kiambatisho cha II, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa.

Uliyekwisha kutuma pesa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi wajaribu kuzuia muamala, kisha ripoti namba ya tapeli kupitia 15040. Jiwe la rangi litupe, usijaribu kulisafisha. La matumbawe lililokufa lina kazi bado: lipige brashi, liloweke maji yasiyo na chumvi huku ukiyabadilisha mpaka harufu iishe, kisha anza kukuza bakteria upya, tangi likiwa halina samaki hata mmoja.