Tokarev au Makarov, ipi kati ya bastola hizi kuukuu za jeshi?

Ubishi huu hauishi hapa Kampala, na kabla hujachagua jua kabisa kuwa bila leseni ya polisi Sheria ya Silaha ya 1970 haikuachii. Tokarev nyembamba, risasi yake ya 7.62x25 (vipimo kwa milimita) ina kasi kweli, ila ile ya asili ya Kirusi haina sefti ya kidole, yaani kizuizi cha kufyatuka unachosogeza kwa kidole, unategemea nyundo iliyovutwa nusu tu, mi hiyo inanitisha. Makarov ya 1951 sefti iko pale ubavuni, kuifungua kusafisha ni chap, ila magazini, lile kasha la risasi, inachomolewa kwa kubana chini kwenye kitako. Risasi sasa ndo balaa, 9x18 ya Makarov haiingiliani na 9x19 zilizozagaa. We wa shabaha tu, Tokarev itakufurahisha. Mwenye watoto nyumbani Makarov, tena ndani ya sefu.