Tepu, filamu au kitambaa cha sumaku: kipi kinalinda rangi mpya ukianza kufunga gari ya zamani?

Karibuni wadau. Leo hatuendeshi gari, leo tuna meza. Hapa kuna tepu za karatasi mbili, ya krimu na ya bluu. Kuna roli la filamu ya uwazi. Kuna hiki kitambaa cha sumaku cha kufunikia madigadi, na pembeni kuna mabaki ya sponji ya godoro. Nyuma yangu mnaiona Volkswagen Beetle: bodi imeshapigwa rangi, madigadi zote nne zimeegemezwa ukutani, boneti ipo juu ya mkeka. Kila kitu kinasubiri kurudishwa mahali pake, ndiyo kufunga gari kwenyewe, na swali letu ni kipi kati ya hivi kinastahili hela yako kabla hujashika spana.

Tuelewane kwanza rangi huwa inaumia wapi. Wengi wanaogopa spana kuteleza katikati ya mlango. Inatokea, sikatai. Lakini pita gereji yoyote mitaa ya Gerezani au Ilala hapa Dar es Salaam, chungulia gari iliyofungwa karibuni, utaona imemeguka kwenye kingo: ukingo wa mlango, kona ya boneti, pale madigadi inapokutana na bodi. Sababu ipo. Rangi ikiwa mbichi huwa inajivuta kuikimbia kona kali, kwa hiyo pale pembeni inabaki nyembamba. Halafu fundi akija na msasa wa maji na polishi, anaipunguza tena palepale. Na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Dar, pakimeguka hadi bati likaonekana, kutu haisubiri ualike. Kwa hiyo mimi kila bidhaa hapa naipima kwa kingo, siyo kwa uwanja mpana.

Tuanze na tepu ya krimu, hii ya kila duka la rangi. Kwa kazi ya kupaka rangi, haina tatizo: unabandika, unapuliza, unabandua. Kwa kazi ya kufunga gari siipendi. Gari inakaa siku nyingi, jua la mchana linaingia gereji, gundi inaiva na kubaki juu ya rangi. Hapo ndipo mtu anachukua tambara lenye thina kuifuta. Kama rangi yako si ile ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuifanya iwe ngumu, thina inakwenda nayo. Na hata yenye hadina, ikiwa bado changa, itafifia.

Ya bluu ndiyo ninayoichagua. Gundi yake ni dhaifu kwa makusudi, na ndiyo sifa yake kubwa. Bei iko juu, tena usishangae dukani wakikuambia zote ni sawa, hazilingani. Nabandika tabaka mbili kwenye ukingo wa mlango, nyingine kwenye bodi pale mlango unapofikia, maana vitu viwili vikigongana vyote vinaumia. Nabandika pia kuzunguka kila tundu la boliti. Kubandua, ikunje irudi nyuma yake yenyewe na uvute taratibu. Usiivute kwenda juu.

Lakini hata tepu nzuri isiguse rangi isiyokomaa. Kukauka ukiigusa na kukomaa ni mambo mawili tofauti. Bonyeza ukucha sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya buti. Ukiacha alama, ondoka, rudi baadaye. Rangi ya hadina iliyokaukia hewani huchukua wiki kadhaa kukomaa sawasawa, na mteja anayekuita kila asubuhi haiharakishi.

Hiyo ni sababu filamu ya uwazi naiweka mwisho wa kazi. Ni plastiki laini ya poliyurethani, unanyunyiza maji yenye sabuni kidogo, unailaza, unasukuma maji yatoke. Ni ghali, na kwa gari nzima sioni haja. Kata vipande vidogo: kizingiti cha mlango pale viatu vinapopita, nyuma ya kitasa pale kucha zinapokwaruza, na ukingo wa mlango wenyewe. Tepu ya bluu ni ya kipindi cha kufunga tu, filamu inabaki gari ikirudi barabarani.

Sasa kitambaa cha sumaku. Kinapendeza, mtengenezaji amefikiria fundi anayeinama juu ya injini. Ila kwenye Beetle injini iko nyuma, na madigadi zenyewe bado hazijafungwa. Baya zaidi ni mchanga. Chembe moja ikinaswa chini ya sumaku, kila ukiegemea unasugua rangi kwa msasa. Naona ni cha gari ya kila siku, kwa kazi hii siyo.

Sponji je? Nenda Keko kwa mafundi sofa, omba mabaki. Yalaze chini ya kila madigadi na boneti, na uyafunike kwa shuka safi ili yasinase mchanga. Hakuna kitu mezani hapa kinachozidi hiki kwa thamani ya hela.

Mambo mengine hayauzwi kwa roli. Kabla ya kufunga, safisha thredi, ile mistari ya ndani, za nati zilizochomelewa kwenye bodi. Rangi ikiwa imeingia humo boliti inakaza, spana inateleza, na hapo ndipo ule mkwaruzo wa katikati unapozaliwa. Kila boliti ianze kwa vidole. Madigadi za Beetle zina utepe wa mpira unaokaa kati yake na bodi: funga boliti zote kwa ulegevu, ingiza utepe, ndipo ukaze. Bila huo utepe, bati linasuguana na bati kila unapopita kwenye matuta. Boneti na milango ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike, mmoja afunge. Aliyeshika asiondoe macho kuangalia simu, tafadhali sana. Pete, saa na mkanda wenye bizimu viachwe mezani.

Kioo cha mbele kinaingia na mpira wake kwa kamba iliyolala ndani ya mfereji wa huo mpira, na maji ya sabuni. Ukiona mtu anakuja na bisibisi, mpe chai kwanza, halafu mfichie hiyo bisibisi.

Na oili ya breki. Kopo lake kwenye Beetle liko mbele chini ya boneti, karibu na rangi ambayo ndiyo umeilipia. Oili za kawaida, DOT 3 na DOT 4, zina kemikali ya glaikoli, zinalainisha rangi mpaka inavimba. Weka ndoo ya maji safi na vitambaa pembeni wakati wa kutoa hewa kwenye breki. Tone likianguka, mwagia maji mengi hapohapo. Glaikoli inayeyuka ndani ya maji. Kufuta kwa tambara kavu kunaisambaza tu.

Hiki kitambaa cha sumaku nimempa jirani mwenye pikapu. Ukiwa na swali kuhusu bampa na mipira yake, liandike hapo chini. Hiyo tutafunga kwenye video ijayo.