Maabara nyota mbili, kliniki ya mzio nyota nne

Kila msimu wa chavua pua inatiririka na macho yanawasha. Nikila tofaa ambalo halijapikwa, midomo na kaakaa navyo vinaanza kuwasha. Nimepima mzio wangu sehemu mbili, na huduma hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kwanza maabara, wale wanaochukua damu mara moja na kupima orodha ndefu ya vyakula. Mtoa damu ana mkono mwepesi na majibu hayakuchelewa. Ila karatasi yenyewe! Kila chakula kina daraja lake la IgE, yaani kingamwili zinazoleta mzio, kuanzia 0 hadi 6, na ya juu yametiwa rangi nyekundu. Tofaa, karoti, seleri, hazelinati, soya, karanga: vyote vyekundu. Chini kabisa sentensi moja: epuka vyakula vilivyoonyeshwa. Basi. Hakuna aliyeniuliza kama karanga nazila. Nazila, tena sana, na hazijawahi kunifanya kitu. Walitaka pia kuniongezea kipimo cha IgG ya vyakula, nikakataa. IgG ni kingamwili nyingine, huonyesha tu kwamba mwili umekutana na chakula hicho, haithibitishi mzio.

Kliniki ni habari nyingine. Daktari aliisukuma karatasi pembeni akaanza maswali: kinawasha wapi, baada ya muda gani, kikipikwa je, uliwahi kukosa pumzi au kuvimba koo? Tofaa la kuoka halinidhuru, nikamwambia. Akatabasamu, maana jibu hilo peke yake lilikuwa limeshamwelekeza pa kutafuta.

Chavua ya mti wa betula ina protini iitwayo Bet v 1. Tofaa lina ndugu yake, Mal d 1. Karoti ina Dau c 1, seleri Api g 1, hazelinati Cor a 1, soya Gly m 4, karanga Ara h 8. Zote ni za ukoo wa PR-10 na maumbo yao yanakaribiana sana, kiasi kwamba kingamwili za IgE zilizotengenezwa kwa ajili ya chavua huzikamata na hizo. Ile maabara ilipima karanga nzima, kwa hiyo haikuweza kusema IgE yangu imekamata kitu gani ndani yake. Kliniki ikapima protini mojamoja: Ara h 8 juu, Ara h 2 hamna. Hiyo Ara h 2 ndiyo ya kuogopwa, haivunjwi kirahisi na moto wala tumbo. Kwenye hazelinati vilevile: Cor a 1 ipo, Cor a 9 na Cor a 14 hazipo. Karanga zangu nikarudishiwa.

Soya daktari hakuniachia. Protini za PR-10 nyingi huharibika kwa moto na kwa asidi ya tumbo, lakini mtu mwenye mzio wa betula akinywa maziwa ya soya kwa wingi anaweza kupata shambulio kali kwa sababu ya Gly m 4. Nilipenda kwamba alilisema hilo waziwazi, badala ya kuniaga na "usijali".

Kipimo cha ngozi nacho kilinifurahisha. Alichoma tofaa lenyewe kwa kisindano, kisha kwa ncha ileile akanichoma mkono. Dondoo za tofaa za chupa mara nyingi huwa zimeipoteza Mal d 1 wakati wa kutengenezwa, ndiyo maana hutumia tunda halisi. Baada ya muda mfupi pakainuka uvimbe kama wa kuumwa na mbu, akaupima kwa rula. Kuanzia milimita 3 unahesabiwa.

Nyota niliyowanyima ni ya mapokezi. Wakati wa kupanga miadi hawakunitajia kwamba dawa za antihistamini, zile za kutuliza mzio, husimamishwa siku kadhaa kabla ya kipimo cha ngozi, kwa hiyo kikaahirishwa. Damu haina shida hiyo, walinitoa siku ileile. Na foleni yao ni ndefu, nenda na kitu cha kusoma.

Kama chakula hakijawahi kukusumbua, sioni haja ya kulipia orodha ndefu ya protini. Kama umewahi kuvimba koo au kuzimia baada ya kula, nenda moja kwa moja kwa daktari wa mzio, na usijijaribie chakula hicho nyumbani hata karatasi ikisema 0.