TIOBE na utafiti wa Stack Overflow: kipimo kipi kinafaa kulinganisha lugha kongwe na changa za programu?

Watengenezaji programu wanapobishana kuhusu lugha inayotumiwa zaidi, ushahidi wao huwa mmoja kati ya miwili: orodha ya TIOBE, ambayo kampuni ya Uholanzi yenye jina hilo huitoa kila mwezi tangu mwaka 2001, au utafiti wa Stack Overflow, mtandao ambako watengenezaji programu huulizana na kujibizana maswali, unaofanywa mara moja kwa mwaka tangu 2011. Kwa anayetaka kulinganisha lugha kongwe na changa, mimi humpendekezea huo wa pili.

TIOBE huhesabu kurasa ambazo injini za utafutaji zinaonyesha kwa jina la kila lugha. C, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, inanufaika na kurasa zilizorundikana kwa miongo, huku Kotlin, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2016, ikiwa haina akiba hiyo hata baada ya Google kuipa kipaumbele kwenye Android mwaka 2019. Kwa haki, wenye orodha wenyewe wanaeleza kwamba haipimi ubora wa lugha wala wingi wa mistari ya programu iliyoandikwa kwayo. Wala si kwamba haioni mabadiliko kabisa: Python, ambayo nayo ni ya mwaka 1991, ilizipita C na Java na kushika nafasi ya kwanza Oktoba 2021.

Stack Overflow huwauliza watu wenyewe, na mwaka 2024 walijibu zaidi ya 65,000. JavaScript ya mwaka 1995 iliongoza kwa matumizi, takriban asilimia 62, ilhali Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, haikufika hata asilimia 13. Hata hivyo, asilimia 83 ya waliokwisha kuitumia Rust walitaka kuendelea nayo, na hakuna lugha iliyopata kiwango cha juu zaidi. Anayenukuu takwimu hii ya mwisho peke yake (na wanaofanya hivyo ni wengi mno) anasahau kwamba waulizwaji wake ni wachache na aghalabu waliichagua Rust kwa hiari, wakati JavaScript humwangukia kila anayetengeneza tovuti, apende asipende. Kwangu, thamani ya utafiti huu ni kwamba matumizi na mapenzi vimetenganishwa, jambo ambalo TIOBE haiwezi kulifanya kwa kuhesabu kurasa.

Kasoro yake ni kwamba hujibiwa na wanaojitolea, hasa wanaoutembelea mtandao huo, kwa hiyo sidhani kama fundi wa COBOL, lugha kongwe ya programu za kibiashara, aliyejifungia na mifumo ya benki anahesabiwa ipasavyo. Kuhusu gharama, matokeo ya pande zote mbili husomwa bure, lakini TIOBE huuza data yake kamili ya miaka iliyopita, ilhali Stack Overflow huruhusu yeyote kupakua majibu ghafi na kuwatenganisha mwenyewe wanafunzi na walio kazini.