Uzoefu wangu na Warewulf: taswira moja, nodi zote

Klasta ninayoisimamia, yaani kundi la kompyuta (nodi) zinazofanya kazi kwa pamoja, inaendeshwa kwa Warewulf, programu huria ya kuzigawia nodi mfumo endeshi iliyoanza mwaka 2001 katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley nchini Marekani. Kinachonifanya niendelee kuitumia si wepesi wa kusakinisha, bali uhakika kwamba nodi zote zinaendesha mfumo endeshi uleule. Kila nodi inapowaka huomba taswira ya mfumo, yaani nakala yake kamili, kutoka seva kuu na kuipakia kwenye kumbukumbu (RAM), bila kugusa diski, hivyo kiraka alichokiweka mtu kwa haraka kwenye nodi moja hutoweka ikizimwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa kero; kwangu ndiyo faida kubwa, kwani marekebisho ya kificho ndiyo huzaa hitilafu zisizoelezeka.

Katika toleo la 4, taswira hutengenezwa kutokana na kontena la kawaida, yaani kifurushi chenye faili za mfumo na programu zake. Mimi huchukua la mfumo endeshi wa Rocky Linux, nikaingia ndani yake kama ninavyoingia kwenye mashine yoyote, nikasakinisha Slurm (programu ya kupanga foleni ya kazi) na maktaba zinazohitajika, na nikitoka taswira hujengwa upya. Hufanya kazi hiyo kwenye nakala yenye jina jipya na kuijaribu kwa nodi moja kwanza. Ikigoma, huirudishia nodi ile taswira ya zamani na kuiwasha tena, basi.

Mambo yanayotofautiana kati ya nodi, kama jina na anwani ya mtandao, hukaa kwenye matabaka ya faili yanayojazwa kwa violezo. Tabaka la mfumo huwekwa wakati wa kuwaka, ilhali lile la uendeshaji husasishwa takriban kila dakika, kwa hiyo orodha ya watumiaji hubadilika bila kukatiza kazi ya mtu.

Gharama yake ni kumbukumbu: taswira ya gigabaiti 3 humega kiasi hicho katika kila nodi, ndiyo maana programu kubwa nimeziweka kwenye hifadhi ya pamoja ya NFS, ambayo nodi huisoma kupitia mtandao. Namba za utambulisho wa watumiaji nazo zilinganishwe na za seva kabla ya kujenga taswira, la sivyo Munge, huduma ya kuthibitisha utambulisho kati ya nodi, inaweza kukataa kuwaka kwa kuwa ufunguo wake unaonekana kumilikiwa na mtumiaji mwingine. Umeme ukikatika na kurudi, nodi siziwashi zote kwa mpigo. Huziwasha kwa makundi, maana zote zinaitegemea seva hiyo moja.