Lolli-Test ya shuleni Köln: nawapa nyota 4 kati ya 5

Mwanangu alikuwa darasa la kwanza hapa Köln wakati shule za msingi za jimbo letu la Nordrhein-Westfalen hapa Ujerumani zilipoanza hii huduma ya kuwapima watoto korona, Mei 2021, na tumeenda nayo mpaka walipoisimamisha mwisho wa Februari 2022, kwahiyo naisema kama mzazi niliyeitumia karibu mwaka mzima, mara mbili kila wiki.

Kwa ambaye hakuiona, ilikuwa hivi. Asubuhi kabla ya somo kila mtoto anapewa kijiti cha pamba, anakinyonya sekunde 30 kama pipi ya kijiti (ndo maana Wajerumani wakaiita Lolli), halafu vijiti vya darasa zima vinaingia kwenye kichupa kimoja. Kimoja tu! Maabara wanakipima kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za kirusi) kama vile ni cha mtu mmoja, kikitoka safi basi watoto 25 wote wamepimwa kwa kipimo kimoja na kesho wanaingia darasani kama kawaida. Kikitoka kina virusi ndo wanaanza kumtafuta ni nani kati yao.

Kabla ya hapo walikuwa wanapimwa kwa vile vipimo vya haraka vya puani. Jamani. Mwanangu alikuwa anaanza kulia tangu usiku kwamba kesho ni siku ya pua, asubuhi hali chai, hashikiki. Ilipokuja Lolli kilio kiliisha siku hiyohiyo, na kwangu hilo peke yake lina nyota moja nzima. Nyingine naitoa kwa sababu PCR inakidaka kirusi mapema kuliko kipimo cha haraka, hata mtoto akiwa bado hajakohoa wala kuchemka, na mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, siku moja au mbili za kujua mapema kwangu si kitu kidogo, kuna bibi pale wa miaka 91 ninayemuogesha kila asubuhi.

Mwanzo nilikuwa na hofu, nikasema mate ya watoto 25 kwa pamoja, si virusi vya mmoja vitapotea humo kama chumvi ndani ya pipa la maji? Lakini ukikaa ukafikiri inaeleweka. Vijiti vyote vinaloweshwa kwenye maji kidogo yaleyale ya kichupa, kwahiyo alichobeba mtoto mmoja kipo chote mle, hakijagawanywa. Na hata maabara zinazochanganya maji ya sampuli, PCR yenyewe kazi yake ni kurudufu, kila raundi kilichopo kinakuwa mara mbili, hivo ukiifanya sampuli kuwa nyepesi mara 16 mashine inataka raundi 4 tu zaidi kukiona. Kuna mgonjwa mwenye virusi vichache sana anaweza kuponyoka, hiyo ni kweli, lakini ukipima mara mbili kwa wiki aliyeponyoka Jumatatu unampata Jumatano.

Kitu kingine nilichokipenda, kichupa hakina jina la mtoto, ni darasa tu. Usiku wa majibu yakija mabaya hakuna mtoto aliyenyooshewa kidole, wote tunalala na wasiwasi uleule.

Sasa niseme ile nyota niliyoishikilia. Kundi likitoka na virusi tulikuwa tunapata ujumbe usiku, asubuhi mtoto ananyonya kijiti cha pili nyumbani (tulipewa cha akiba na kichupa chenye namba yake), unakimbiza shuleni, halafu darasa zima linabaki nyumbani kusubiri majibu ya mmoja mmoja. Ilitukuta Oktoba. Nilipeleka kichupa mapema kabisa, nikapiga simu kazini kuomba wanitafutie mtu wa zamu yangu, nikakaa na mtoto siku nzima namwangalia kila akipiga chafya, na majibu yalikuja karibu saa sita usiku. Alikuwa mzima. Ila kuna mama mwenzangu yuko peke yake na watoto watatu, na yeye hakuwa na wa kumwachia, alikatwa mshahara wa siku ile. Kwanini hicho kijiti cha pili kisichukuliwe palepale darasani pamoja na cha kwanza, kikae maabara, kundi likichafuka wanakifungua usiku uleule?

Jirani yangu Mnyarwanda nilipomlalamikia akaniambia kwao Kigali watu walishalifikiria hili. Nikatafuta nikasoma, ni kazi ya kina Leon Mutesa na Wilfred Ndifon, ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2020, na ni akili ya hali ya juu kwakweli. Chukua watu 27, wapange kichwani kama mchemraba wa 3 kwa 3 kwa 3, halafu uukate vipande kama mkate, kwa urefu, kwa upana na kwa kwenda juu. Unapata makundi 9 ya watu 9 9, na kila mtu yumo kwenye makundi 3. Mgonjwa akiwa mmoja, makundi 3 yanatoa virusi na pale yanapokutana ndo yeye, umemjua kwa raundi moja bila kumwita mtu tena. Vipimo 9 badala ya 27! Wakiwa wagonjwa wawili watatu inabidi urudie baadhi, lakini bado umeokoa. Wazo la kuchanganya lenyewe ni la zamani sana, Mmarekani Robert Dorfman aliliandika mwaka 1943 kwa ajili ya kupima kaswende kwenye damu za vijana wanaoingia jeshini, ila yeye akikuta kundi lina ugonjwa anarudi kumpima kila mmoja, kama walivyotufanyia sisi.

Na hii njia ina sharti lake, ugonjwa uwe adimu. Piga hesabu ya darasa la watoto 25. Akiwa anaumwa mtoto 1 kati ya 1,000, madarasa kama 2 au 3 tu kati ya 100 yatatoa virusi. Akiwa 1 kati ya 100 yanafika 22. Wakifika 1 kati ya 10, ni madarasa 93 kati ya 100, yaani karibu kila kichupa kinataka kufunguliwa na umefanya kazi mara mbili bure. Ndo kilichotokea Omicron, ile aina ya korona iliyoenea haraka sana, ilipoingia. Maabara zikazidiwa, majibu yakawa yanachelewa, na mwisho wa Januari 2022 jimbo likaacha kabisa PCR ya mmoja mmoja kwa shule za msingi, kundi likichafuka watoto wanarudi kwenye kipimo cha haraka. Mwanangu akaanza tena kuuliza usiku kama kesho ni siku ya pua.

Kinachoniuma ni kwamba Januari hiyohiyo, shule zilipofunguliwa baada ya Krismasi, walikuwa wameshaanza kuchukua vijiti viwili kwa pamoja, kile nilichokuwa nakililia tangu Oktoba. Kikadumu kama wiki mbili tu. Vuli yote ile wagonjwa wakiwa bado wachache, maabara zina nafasi, kingetuokolea siku ngapi za watoto kukaa nyumbani, na yule mama mwenzangu asingekatwa.